Bei ya Kupungua

Mwaka 1863 mwandaa mazishi mmoja wa London aitwaye William Banting alichapisha kijitabu kuhusu unene wake mwenyewe. Alikuwa na miaka 66. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume ili magoti yasimuume. Alikuwa ameshajaribu kupiga makasia, kupanda farasi, kuoga maji ya bahari na kunywa dawa za kila aina. Mtu aliyemsaidia hatimaye alikuwa daktari wa masikio, William Harvey, ambaye alimwendea kwa sababu alianza kutosikia vizuri. Harvey alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kwa mwaka mmoja hivi Banting alishuka kutoka ratili 202, karibu kilo 92, hadi ratili 156, karibu kilo 71. Kijitabu kilisomwa sana hata jina lake likageuka kitenzi katika Kiingereza, na kwa miaka mingi kufanya mlo wa kupungua kuliitwa "ku-bant".

Watu wanaposimulia habari zake hutaja vitu alivyokatazwa. Mimi nilipomsoma mara ya kwanza, katika semina ya historia ya tiba hapa chuoni, nilitazama vitu alivyoruhusiwa. Asubuhi alikula nyama ya ng'ombe, ya kondoo, figo au samaki. Mchana alikula tena samaki au nyama, mboga yoyote isiyokuwa kiazi, pengine kuku au ndege wa mwituni, pamoja na glasi mbili au tatu za divai nzuri. Jioni alipata matunda, na usiku nyama au samaki tena, na divai tena. Familia ya Banting ilikuwa ikiandaa mazishi ya ukoo wa kifalme, kwa hiyo pesa ya mchinjaji haikumsumbua. Lakini mkate, viazi, sukari na bia ndivyo vitu vilivyomjaza tumbo mfanyakazi wa London wa wakati ule. Harvey alimwondolea mteja wake chakula cha watu maskini na kumwachia chakula cha matajiri, na mlo wa kwanza wa kupungua uliopata umaarufu mkubwa ulikuja na bili kubwa ya sokoni.

Nataka kufuata bili hiyo. Swali la kama kula vizuri ili kupunguza uzito kunaongeza gharama za sokoni huulizwa siku hizi kana kwamba limezaliwa pamoja na maduka makubwa yenye viyoyozi. Lina umri wa zaidi ya miaka 150, na katika muda huo limejibiwa ndiyo na limejibiwa hapana, mara nyingi na watu waliokuwa wanapima vitu tofauti bila kuambiana.

Chukua Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani. Mwaka 1894 aliandika kijitabu cha wizara ya kilimo ya nchi yake kuhusu thamani ya vyakula na bei zake. Atwater alipima chakula kwa nishati na protini, akagawanya kwa senti. Kwa hesabu hiyo mfanyakazi mwenye akili alitakiwa kununua unga, maharage na nyama za bei ya chini. Mboga za majani na matunda zilionekana karibu na anasa, maana senti kumi za mboga zilileta nguvu kidogo sana kuliko senti kumi za unga. Atwater hakuwa mjinga. Neno vitamini lilikuwa bado halijatungwa. Casimir Funk alilitunga mwaka 1912. Atwater alipima kilichokuwa kinapimika, na kwa kipimo chake mchicha ulikuwa hasara.

Miaka 24 baadaye, daktari wa California Lulu Hunt Peters alichukua kipimo hichohicho akakigeuza. Kitabu chake cha mwaka 1918 kiliwafundisha wanawake wa Marekani neno kalori. Kwa Peters kalori nyingi kwa senti chache hazikuwa faida tena, zilikuwa hatari. Kipande cha mkate kilihesabiwa, kijiko cha sukari kilihesabiwa. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea, na yeye aliwaambia wasomaji kwamba mtu mnene amelimbika mwilini chakula kinachohitajika kwingine. Kupungua kukawa uzalendo, tena kukawa akiba. Ukila kidogo unanunua kidogo.

Basi tunazo bili mbili. Ya Banting inasema badilisha chakula, nayo inapanda. Ya Peters inasema punguza chakula, nayo inashuka. Ubishi mwingi ninaousikia leo, kwenye daladala na kwenye makundi ya familia ya WhatsApp, ni bili hizi mbili zikigombana.

Nina sababu ya kujali. Mama yangu ni fundi cherehani mjini Morogoro. Mwaka juzi alipimwa akaambiwa presha iko juu na sukari inaanza kupanda, apunguze kilo 12. Akapewa dawa za presha na karatasi iliyochapwa, yenye kichwa kuhusu mlo wa afya. Karatasi ilitaja oti, mkate wa ngano isiyokobolewa, mafuta ya zeituni, matufaa, lozi, jodari wa kopo na mtindi usio na mafuta. Hakuna hata kitu kimoja pale kilichouzwa kwa fungu.

Alinipigia simu jioni moja. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza: "Mwanangu, hiki ni chakula cha wagonjwa au cha Wazungu?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwezi uliofuata nilipokwenda nyumbani nikakuta kopo la oti juu ya kabati, na kwenye droo ya cherehani pakiti ya dawa ambayo ilitakiwa kuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Alikuwa ameacha kununua dawa ili aweze kununua chakula cha kwenye karatasi. "Wamesema chakula ndiyo dawa ya kwanza," alinieleza, kwa utulivu wa mtu aliyepiga hesabu zake vizuri.

Sijawahi kuona hoja ya kihistoria ikiwa na uzito kama ile pakiti. Mtu alikuwa anahatarisha kiharusi kwa sababu ya sentensi iliyoaminiwa kila mahali: kula vizuri ni ghali.

Kwa upande wetu wa dunia swali hili lina mizizi yake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza meza ya wenyeji kwa kirefu: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, kando ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Kisha akaongeza kwamba watu wa pale wana miili mikubwa na minene sana, na mmoja wao hula kiasi cha kundi zima la wageni. Hakuandika kwa dharau. Katika mji wa biashara, mwili mnene ulikuwa hati ya mali. Alipofika Mombasa aliona jambo jingine: watu wa kisiwani hawakulima nafaka, waliletewa kutoka pwani ya bara, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Wali kwa samli ulikuwa chakula cha wenye uwezo, ndizi na samaki chakula cha kawaida. Leo daktari wa lishe angewaambia watu wa Mogadishu wale kama watu wa Mombasa, na bili yao ingeshuka.

Lugha yetu imehifadhi hukumu ile ya zamani. Aliyenenepa tunamwambia amenawiri, maisha yamemkubali. Aliyekonda tunamwambia amekwisha. Tangu miaka ya 1980 kukonda kuliongezewa mzigo mzito zaidi. Nchini Uganda ugonjwa mpya uliitwa "Slim", na kwa jina hilo ukaripotiwa katika jarida la tiba mwaka 1985. Kagera uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kinapendwa. Mama alikuwa msichana wakati ule, na alizika watu. Nilipomwambia kwamba kilo 12 si nyingi, alinijibu: "Wewe hujui watu watasema nini." Kupungua kuna gharama ambayo haionyeshwi na mizani ya sokoni, na kwa watu wa umri wake ni gharama halisi.

Lakini chakula kilichomnenepesha mama hakikuwa wali wa samli. Kilikuwa ugali wa sembe, maandazi, chai ya sukari nyingi na mboga iliyozama kwenye mafuta. Ukitaka kujua kwa nini vitu hivi vilikuwa rahisi kununua, huna budi kusoma historia ya unga.

Mahindi ni mgeni. Yalitoka Amerika, yakaingia pwani yetu baada ya Wareno kufika mwishoni mwa karne ya 15, na jina lenyewe linayafanya kuwa kitu cha kutoka ng'ambo. Kabla yake, na kwa muda mrefu baada yake, bara lilikula mtama, uwele na ulezi. Mahindi yalipata nguvu kubwa wakati wa ukoloni, kwa sababu yalifaa kulisha watu wengi kwa pamoja. Katika mashamba ya mkonge, migodini, jeshini na jela, mtu alipimiwa posho ya unga wa mahindi. Neno posho lenyewe linakumbusha kwamba ugali wa mahindi ulienea kama mgao, kipimo alichopanga mwajiri kwa hesabu inayofanana na ya Atwater: nguvu nyingi kwa senti chache.

Baada ya uhuru mgao ulibadilisha mwenyewe. Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi waliliita NMC tu, liliundwa mwaka 1968. Kutoka katikati ya miaka ya 1970, baada ya ukame na uhaba wa chakula, sembe ya viwandani iliuzwa mijini kwa bei iliyopangwa na serikali na kufidiwa kwa ruzuku. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa: ganda limeondolewa, kiini chenye mafuta kimeondolewa, umebaki wanga mweupe. Dona ni punje nzima iliyosagwa. Kwa maumbile yake dona inapaswa kuwa rahisi zaidi, maana haina gharama ya kukoboa na hakuna kilo zinazopotea kuwa pumba. Ruzuku iliyowekwa kwenye sembe ilificha tofauti hiyo. Mtu wa mjini alizoea ugali mweupe kwa bei ambayo si yake, akauona wa dona kuwa chakula cha shule ya bweni, cha jela na cha kijijini.

Mama anakumbuka wakati unga mweupe ulipokosekana, yakaja mahindi ya njano ya msaada. Nyumbani kwao waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi, na babu aliyekuwa mshabiki wa Simba alilalamika kila siku mezani. Naye anakumbuka foleni, na jinsi mfuko wa sembe nyeupe ulivyopokelewa kama mgeni wa heshima. Kwa watoto wa foleni zile, weupe wa ugali ulikuwa ishara kwamba mambo yametengemaa.

Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984. Jirani zetu wa Zambia walipojaribu jambo kama hilo Desemba 1986, kwa kuondoa ruzuku kwenye unga mweupe na kuibakiza kwenye unga usiokobolewa sana, wasagishaji waliacha kutoa ule wa bei nafuu. Miji ya Copperbelt ikalipuka, watu wakafa, na serikali ya Kenneth Kaunda ikarudisha ruzuku. Huko Harare, ruzuku ilipoondolewa mwaka 1993, familia nyingi ziligeukia mashine ndogo za mtaani na unga wa punje nzima, kwa kuwa ulikuwa nafuu. Matukio haya mawili yananifundisha kitu kimoja. Watu hawakupenda unga mweupe kwa ujinga wala hawakuuacha kwa elimu ya lishe. Bei ilipogeuzwa, sahani nyingi ziligeuka nayo.

Uingereza yenyewe ilifanya kinyume chake. Mwaka 1942, meli za ngano zikizamishwa baharini, serikali ilileta mkate mmoja wa taifa, wa rangi ya kijivujivu, uliobakiza sehemu kubwa ya punje. Watu waliulalamikia kwa miaka. Lakini uliuzwa kwa bei ya chini iliyolindwa, ukaliwa na tajiri na maskini, na ulidumu hadi 1956. Huko serikali ilikuwa imeamua kwamba chakula bora ndicho kitakuwa cha bei ndogo, na kwa miaka 14 kikawa hivyo.

Hapa namkumbuka mtu ambaye maisha yake yaliunganisha pande zote mbili za hadithi hii. John Boyd Orr, tabibu wa Uskoti, alishirikiana na J. L. Gilks wa idara ya tiba ya Kenya kuwalinganisha Wamaasai na Wakikuyu, na ripoti yao ikatoka mwaka 1931. Waliwaona Wamaasai, wenye maziwa, nyama na damu, kuwa warefu na wenye nguvu zaidi kuliko Wakikuyu wenye nafaka na viazi. Wanahistoria wameikosoa ripoti hiyo tangu wakati huo, hasa kwa kuwa iliwajumuisha watu wa kila aina chini ya jina moja la kabila, ilhali wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi kuliko wanaume wao na hali yao ilikuwa tofauti. Ilikuwa rahisi kwa mkoloni kusema kwamba shida ya Mkikuyu ni desturi yake ya kula, badala ya kuuliza ardhi yake na mifugo yake vimekwenda wapi.

Lakini Orr alirudi kwao, na mwaka 1936 akachapisha utafiti kuhusu chakula, afya na kipato nchini Uingereza. Aliigawa nchi katika makundi sita. Kundi la chini kabisa lilitumia shilingi 4 kwa mtu kwa wiki kununua chakula, kundi la juu kabisa shilingi 14. Hitimisho lake lilizua makelele: nusu ya Waingereza hawakuwa na kipato cha kuwawezesha kula mlo unaotosheleza afya. Mkate, sukari na viazi hazikupungua sana kwa maskini. Vilivyokosekana ni maziwa, matunda, mboga na mayai. Kule Kenya aliwaona watu wakiwa na desturi mbaya. Kwao aliona mishahara midogo. Baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mimi naona kwamba alichokiona Uingereza ndicho alichopaswa kukiona Kenya.

Na takwimu za siku zetu? Mwaka 2012 wachumi wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, Andrea Carlson na Elizabeth Frazão, walionyesha kwamba jibu linategemea kipimo. Ukigawanya bei kwa kalori, mboga na matunda ni ghali kuliko biskuti na vyakula vya mafuta. Ukigawanya kwa uzito au kwa sehemu anayokula mtu kwa mara moja, mboga nyingi na maharage vinakuwa nafuu. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walikusanya tafiti 27 kutoka nchi 10, wakapata kwamba mlo bora kabisa ulizidi ule mbaya kabisa kwa takribani dola 1.50 kwa mtu kwa siku. Kwa tajiri wa Boston hiyo ni nusu kikombe cha kahawa. Kwa fundi cherehani wa Morogoro ni pesa ya kuendesha nyumba. Ndiyo maana ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 kuhusu chakula ilikuwa na sauti tofauti: mlo wenye afya hugharimu kwa wastani mara tano ya mlo unaoshibisha kwa wanga tu, na zaidi ya watu bilioni 3 duniani hawaumudu.

Ripoti hiyo inamlinganisha mtu anayekula vizuri na mtu anayekula ugali mtupu. Mama hakuwa anakula ugali mtupu. Alikuwa tayari ananunua sukari, mafuta, soda na maandazi. Watu wengi wa mijini wako hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi. Hawa si watu wasio na kitu cha kukata kwenye bili yao.

Kwa hiyo tulikaa chini na daftari, mama, mimi na mdogo wangu. Tuliiweka karatasi ya hospitali upande wa kushoto, na upande wa kulia tukaandika kile ambacho kila neno lingemaanisha katika Soko Kuu la Chifu Kingalu. Oti ikawa uji wa ulezi au wa dona. Jodari wa kopo akawa dagaa. Lozi zikawa karanga, kiganja kimoja. Matufaa yakawa papai, chungwa na pera. Mkate ukawa kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, kipande kinachopimwa. Mafuta ya zeituni tuliyafuta, tukaandika: mafuta yaleyale, vijiko viwili, si kumwaga kutoka kwenye dumu. Mboga za kwenye karatasi zikawa mchicha, matembele na kisamvu.

Wiki ya kawaida ya nyumba yetu ilikuwa imekula shilingi 41,000 sokoni na dukani. Wiki ambayo mama aliifuata karatasi ilifika 78,000, bila dawa. Wiki ya daftari ilifika 44,500. Tulipochambua tofauti, sukari, mafuta, soda na maandazi vilikuwa vimeshuka kwa 9,000, na unga kwa 1,500, maana dona ilisagwa mashineni na sahani ilipungua. Mboga na matunda vilipanda kwa 8,000, dagaa na maharage kwa 3,500, na mkaa kwa 2,500.

Mkaa ndio ulionishangaza. Hakuna utafiti niliousoma uliouhesabu. Maharage yanachemka muda mrefu. Andazi unalinunua limeshaiva. Chakula rahisi cha mjini mara nyingi kina moto wa mtu mwingine ndani yake. Kisha kuna saa. Matembele yanachambuliwa, kisamvu kinatwangwa, dagaa wanatolewa vichwa. Mama alilipwa kwa nguo aliyoshona, na saa aliyochambua mboga hakushona. Tulipomwuliza bei ya saa hiyo alikataa kuiandika. "Hiyo ni kazi ya nyumbani tu," alisema. Nadhani sentensi hiyo imeharibu hesabu nyingi za uchumi wa chakula tangu enzi za Atwater.

Dona nayo si muujiza. Kalori zake zinakaribiana na za sembe. Inachoongeza ni nyuzinyuzi na virutubisho, na kushiba kunakodumu. Haikai sana kabla ya kuchacha, kwa sababu ya mafuta ya kiini, na hilo ni sababu moja ya maduka kupenda sembe. Mahindi yasiyokaushwa vizuri yana hatari ya sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo anayesaga punje nzima lazima achague mahindi kwa makini. Hata hivyo kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Unapokoboa mahindi yako, unalipa mashine ya kukoboa, unaondoka na unga pungufu, na pumba zinauzwa kuwa chakula cha kuku. Kisha dukani unakuta dona ileile kwenye mfuko mzuri wenye neno "lishe", kwa bei ya juu kuliko sembe. Chakula cha jela kimegeuka chakula cha Masaki.

Jibu langu basi ni hili. Kula kidogo hakuongezi bili, na Peters alikuwa sahihi. Kula vizuri huongeza kidogo, hasa kwa mtu ambaye hana soda wala maandazi ya kukata, na Orr alikuwa sahihi. Kula kama mtu wa nchi nyingine hupandisha bili karibu mara mbili, na hilo tumelirithi kutoka kwa Banting na glasi zake za divai: wazo kwamba mwili mwembamba unanunuliwa kwa chakula cha watu wengine. Ongezeko la 3,500 lilimuuma mama, lakini lilibakiza pesa ya dawa. Alirudia vidonge wiki ileile, na kwa miezi minane ameshuka kilo saba. Majirani wameuliza kama anaumwa. Amewajibu kwamba anaumwa presha, tena kwa sauti, ili kila mtu asikie ni nini hasa.

Juzi nilikuwa namsomea kwa simu sehemu ya tasnifu yangu kuhusu ruzuku ya sembe, ili aniambie kama anavyokumbuka ndivyo ilivyokuwa. Alisikiliza hadi mwisho, cherehani ikiwa kimya. Kisha akauliza: "Kwa hiyo serikali ilikuwa inanilipia nile unga mweupe?" Nikamwambia ndiyo, mama, kwa miaka kadhaa. Akafikiri kidogo. "Basi siku wakiamua tena kulipia kitu, waambie walipie mkaa."

Nimeiandika sentensi hiyo kwenye daftari, chini ya bei za wiki.